Mshale Ulipolala

Baada ya hitima ya baba, jamaa walikaa ukumbini kugawana vitu vidogo ambavyo hakuna aliyekuwa na haja ya kuvigombea. Nilipoulizwa nataka nini, niliomba mita yake ya kupimia umeme. Ni kisanduku cheusi chenye ukanda wa ngozi, kioo kikubwa mbele, na nyuma ya kioo mshale mwembamba kama unywele. Niliusogeza ule ukanda puani bila kufikiri, na ikanijia harufu ya risasi ya kulehemu, jasho, na mafuta ya nazi ambayo baba alikuwa akijipaka vidoleni ili ngozi isipasuke kwa moto wa kazi. Nilitoka uani nikajifanya nakwenda kutazama maji ya kunawia wageni.

Nimesoma mpaka chuo kikuu, na kwa sehemu kubwa ya umri wangu nimekula kwa kueleza mambo mbele ya watu. Hata hivyo lipo jambo moja la nyumbani kwetu ambalo lilitendeka mbele ya macho yangu nisilielewe, na siku nilipolielewa lilikuwa halimfai tena mtu yeyote. Ninaliandika kwa ajili ya wenzangu tuliolingana umri, ambao wanakumbuka redio zilipokuwa kubwa kama makabati na zilipokuwa zinahitaji kupata joto kwanza ndipo ziseme.

Baba alijifunza redio vitani. Wenzake walirudi kutoka Burma na medali. Yeye, kwa maneno yake mwenyewe, alirudi na mita. Aliipataje hakusema, na watu wa barazani kwetu Nguvumali walipenda kumtania juu ya hilo. Alifanya kazi katika chumba cha mbele, dirisha wazi, na vyombo vilimjia kutoka kila upande: redio za makarani wa mashamba ya mkonge, magramafoni ya wenye mikahawa, na mara nyingine kinanda cha santuri cha fahari kutoka Raskazone kwa Wazungu, kimebebwa na mpishi wa nyumba ambaye hakuruhusiwa kukitua chini mpaka akifikishe mezani.

Mimi nilikuwa mtoto wake wa pekee, na nilikuwa nikikaa juu ya kasha karibu na meza nikimtazama akipima. Kwanza aling'oa waya wa umeme ukutani. Kisha alizungusha kitufe cha mita, akashika zile nyaya mbili, nyekundu na nyeusi, akazigusisha huku na huku ndani ya chombo. Mshale ulikuwa umesimama upande wa kushoto, wima kama askari wa zamu. Alipogusa sehemu moja, ulianguka mpaka kulia ukalala. Alipogusa nyingine, ulilala tena. Baba hakusema kitu. Halafu, baada ya kugusa sehemu nyingi, alifika mahali mshale ukakataa kuondoka. Ukabaki pale pale kushoto, umesimama. Hapo ndipo baba alipotabasamu na kusema peke yake, "Haya, bwana mkubwa, nimekupata."

Sikumuuliza, kwa kuwa sikuona la kuuliza. Mtoto anaposoma uso wa baba yake haoni haja ya kitabu. Mshale ukisimama baba anafurahi, kwa hiyo kilichoguswa kina uhai. Mshale ukilala baba ananyamaza, kwa hiyo kimekufa. Niliishi na elimu hiyo miaka mingi, nikiwa na hakika nayo kuliko jedwali la kuzidisha.

Katika ukumbi wetu kulikuwa na chombo ambacho baba alikitengeneza mwenyewe kwa ajili ya mama. Ilikuwa redio ya mbao nyekundu, na juu yake, chini ya kifuniko, sahani ya kuzungushia santuri. Mkono wenye sindano alikuwa ameuunda mwepesi mno kwa sababu maalumu. Mama alikuwa akiimba na wenzake katika ngoma za arusi, na safari moja walikwenda Mombasa, wakapita Horohoro wakiwa wamejazana ndani ya basi na baba akiwa msindikizaji wao, wakaimba mbele ya mashine ya mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akitafuta nyimbo. Mfanyabiashara hakuzichukua. Aliwapa ile santuri ya majaribio, moja tu, laini, ambayo sindano nzito ya gramafoni ya kawaida ingeichubua mara moja. Duniani palikuwa na mahali pamoja pa kuichezea, napo ni ukumbini kwetu.

Mama aliifunga ndani ya kanga mpya akaipeleka Tongoni kwa mama yake, ili kwanza amwoneshe, na kisha amwombe aje mjini kuisikiliza. Bibi hakuifungua ile kanga. Nilikuwepo, nimekaa mlangoni nikimenya muwa kwa meno, na maneno yake niliyasikia.

"Mtu akifa kila chake hufungwa," alisema bibi. "Macho hufungwa, kidevu hufungwa. Wewe wataka kuacha mdomo wazi duniani? Sauti yako ndani ya kasha hilo nisije nikaisikia maisha yangu."

Mama alirudi na santuri ikiwa bado imefungwa. Baba alitupokea kwenye kituo cha basi, akaitazama ile kanga, akamtazama mama usoni, akampokea mzigo. Tangu siku ile mama hakuicheza tena. Mimi nilikuwa nimeisikia zamani, kwa masikio ya mtoto mdogo anayepita mbio kwenda kucheza.

Kisha mama akafa. Ilikuwa homa, ikaja ikamchukua kabla hatujazoea kumwona amelala mchana. Kama ilivyokuwa desturi ya mtaa, redio ilifunikwa kanga mpaka arobaini ipite, na hata majirani walipunguza sauti za redio zao. Bibi alikuja kutoka Tongoni akakaa nasi, na arobaini ilipopita, watu wa barazani wakaanza kukohoa na kutazama dirishani, wakingoja habari za dunia zirudi. Bibi naye alikuwa anangoja, lakini si habari za dunia.

Kabla sijaendelea ni lazima nieleze jinsi bibi na baba walivyozungumza, maana vijana wa leo hawataamini. Baba hakuwahi kukaa na mkwe wake kwenye mkeka mmoja, wala kula mbele yake, wala kumtazama usoni. Bibi akiwa ukumbini, baba alikaa kwenye kizingiti cha chumba cha kazi, ubavu umeelekea huku, na neno lolote walilokuwa nalo lilipitia kwangu, ingawa walisikiana vizuri kuliko nilivyowasikia mimi.

"Mke mwenzangu," bibi aliniita asubuhi moja, kwa ule utani wa mabibi na wajukuu wao. "Mwambie baba yako nimekuja kuisikia."

Nilimgeukia baba. "Baba, bibi anasema—"

"Mwambie mama chombo kimeharibika."

"Mwambie, si yeye fundi?"

"Mwambie ndiye."

"Basi mwambie atengeneze," alisema bibi, akavuta ushungi wake vizuri. "Mimi nipo."

Nilifurahi kuliko wote wawili. Nilikuwa na siri yangu ambayo sikumwambia mtu: sauti ya mama ilikuwa inanipotea. Sura yake nilikuwa nayo, na mikono yake, na namna alivyokuwa akivua viatu kwa kukanyaga kisigino kimoja kwa kingine. Lakini nilipojaribu kumsikia akiniita kutoka uani, jina langu lilikuja kwa sauti ya Bi Mwanasha, jirani yetu, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akiniita siku hizo nikaoge, nikale, nikateke maji. Kila siku sauti ya Bi Mwanasha ilizidi kuikalia ile nyingine. Nilijua santuri ile ikizunguka mara moja tu, nitaishika na sitaiachia tena.

Kwa hiyo baba alipokihamishia chombo chumba cha kazi akaanza kupima, nilisimama karibu naye kama mwangalizi. Bibi alikaa mkekani ukumbini, asiweze kuona mezani, na mimi nikawa macho yake. Baba aligusa uzi wa mkono wa sindano. Mshale ukalala.

"Vipi?" aliuliza bibi.

"Umelala, bibi."

"Kulala ndiyo nini?"

"Kimekufa. Hicho nacho kimekufa."

"Inna lillahi," alisema bibi taratibu.

Bi Mwanasha, ambaye alikuwa anachambua mchele mlangoni, alicheka mpaka ungo ukamtikisika. "Bibi, unakisomea kipande cha waya?"

"Nikisomee, huenda kikaona haya kikafufuka."

"Fundi huyu wa mji mzima," aliendelea Bi Mwanasha, akimtupia baba sauti, "redio za Raskazone zinatoka hapa zinaimba Kizungu. Cha kwake kimemkalia kichwani. Au tukitie kwenye jamvi tukipeleke kwa mganga Amboni?"

"Kipeleke, Bi Mwanasha," alijibu baba. "Ukibebe wewe kichwani."

Nililikumbuka baadaye jambo ambalo wakati ule halikunigusa. Niliposema "kimekufa," baba alinisikia. Aliinua macho akanitazama, kitambo, kama mtu anayetaka kusema neno. Kisha akayarudisha ndani ya chombo akaendelea kupima.

Alipima kila siku. Alipima nyuzi za spika, zile zilizosukwa kwenye chuma kizito, na valvu, zile taa za kioo za ndani ya redio, moja moja akizitoa na kuzifuta kwa shati. Kila mahali mshale ulilala. Kulikuwa na kimoja tu, kikopo kidogo chenye rangi ya fedha, ambacho kilipoguswa mshale uliruka kidogo ukarudi mahali pake polepole, na nikamwambia bibi kuwa hicho kilikuwa kinapigania roho mbele ya macho yangu. Baba hakutabasamu hata mara moja. Sijapata kumwona akipima chombo cha mtu yeyote kwa uangalifu ule. Alikuwa anarudia sehemu alizokwisha kuzigusa, anakaza nyaya, anagusa tena, jasho linamtiririka shingoni. Nilimwonea huruma. Nilidhani chombo chote kimefariki pamoja na mama, na kwamba baba anatafuta ndani yake kitu kimoja kilichobaki hai.

Jioni bibi alinilaza kifudifudi mapajani mwake akanisuka. Siku moja nilimuuliza mama alikuwa na sauti gani.

"Kavu kidogo," alisema. "Kama mtu aliyetoka kula ubuyu. Akiwa mdogo alikuwa akiniita kutoka pwani..." Akainua uso akajaribu kuita, "Maa-ma," jinsi mama alivyomwita yeye. Ilitoka sauti ya kikongwe. Akajaribu tena, juu zaidi, akakohoa, akaacha. Vidole vyake vilisimama katikati ya nywele zangu, vikakaa hapo kwa muda mrefu. Mimi nilibaki nimeinamisha kichwa, nikingoja aendelee kusuka.

Mvua za masika zikaanza kunyesha na bibi hakuwa na budi kurudi shambani kwake. Alifunga furushi lake asubuhi, na kabla ya kutoka alikwenda pale ukumbini iliporudishwa ile redio akaweka kiganja juu ya kanga iliyoifunika. Baba alikuwa kizingitini mahali pake pa siku zote. Nilisimama katikati yao tayari kupokea maneno, lakini bibi hakunitazama. Alimgeukia baba mwenyewe, uso kwa uso, jambo ambalo sikuwahi kuliona na ambalo lilinitia hofu kana kwamba mtu ametoka nje bila nguo.

"Mwanangu," alimwambia, "nilisema neno baya. Unalijua neno hilo."

Baba aliinamisha kichwa mpaka nikaona kisogo chake. Mikono aliikutanisha kifuani. Nje mvua ilikuwa inagonga bati la jikoni.

"Mwambie mama," baba akaniambia mimi, "kikipona nitamletea habari."

Sikuwa na haja ya kulifikisha. Bibi alivuta ushungi akafunika uso, akashika mkono wangu, nikamsindikiza mpaka kwenye basi. Njiani alisema tu kwamba nisisahau kumwagilia mche wa mlimau aliouotesha uani. Aliahidi kurudi baada ya kuvuna mahindi. Mahindi yalivunwa na watu wengine. Yeye alikuwa amekwisha kuzikwa.

Baada ya hapo baba hakuifunua tena ile redio. Nilipomwomba aijaribu tena, alisema vipande vyake havipatikani, na mimi ambaye niliviona vyote vikifa, sikuwa na sababu ya kubisha. Redio ndogo ya kusikilizia habari akaiweka barazani. Ile kubwa ikawa meza ya kuwekea misahafu na taa. Ama sauti ya mama, niliacha kuitafuta. Siku moja nikagundua kuwa nimeacha, na hata huzuni ya kuacha ilikuwa imekwisha kupita.

Nilikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu nilipomkuta mwenzangu mmoja wa uhandisi akitengeneza redio ya bweni, mita mezani, nyaya nyekundu na nyeusi mikononi. Aligusa, mshale ukaanguka mpaka kulia.

"Pole," nilimwambia. "Kimekufa."

Alicheka. "Dada yangu, wewe kaa na historia yako. Mshale ukilala ndiyo raha: njia iko wazi, umeme unapita. Ungebaki kule kushoto ndipo ungenipa pole. Huko ndiko waya umekatika."

"Lakini fundi hufurahi ukibaki kushoto," nilisema.

"Hufurahi, ndiyo. Si amekwisha kuuona ubovu?"

Alinipa mita nijaribu mwenyewe. Niligusa waya mzima, mshale ukalala. Nikagusa tena. Aliniuliza kama naumwa, nikasema ni jua.

Likizo ile nilipofika nyumbani, nilimwamkia baba shikamoo, nikala, nikangoja wateja waondoke. Kisha nikamuuliza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaka elimu: "Baba, mshale ukilala maana yake nini?"

Alikuwa ameshika koleo. Aliiweka chini.

"Hakikuwa na ubovu," alisema.

Nilivuta lile kasha langu la utotoni nikakaa.

"Nilipima kila kitu nikiomba nipate waya mmoja tu umekatika, nimwoneshe mkwe, nisiwe mwongo. Sikupata. Nilikitengeneza vizuri mno."

"Ungeukata mwenyewe."

"Mkono ulikataa. Mama yako yumo mle."

Nilimuuliza kwa nini basi, na hakujificha. Alisema alimwona mama akishuka kwenye basi na ile kanga haijafunguliwa, na sura ile hakuisahau. Alitaka bibi naye angoje. Kidogo tu, alisema. Alikuwa amenuia kumchezea santuri kabla hajarudi shamba.

"Na alipokuomba radhi?"

Baba alitazama mikono yake. "Hapo ndipo nilipokwisha. Mkwe amenigeukia, amesema nami kwa kinywa chake. Ningeifungua ikaimba pale pale, angejua ilikuwa nzima siku zote. Angejua nilimkalisha mkekani nikimcheza shere, na wewe nikakuacha ukimpelekea uongo. Nilishikwa na haya. Nikasema nitakwenda Tongoni nikamwambie nimeitengeneza. Nilikuwa nanunua siku." Akaigeuza ile koleo mezani. "Alipokufa, ningeifungulia masikio gani? Kitu nilichomnyima mama mtu, nikae nikisikilize mimi?"

Nilitaka kumkasirikia kwa ajili ya bibi, na kwa ajili yangu, lakini mbele yangu alikuwa mzee mwenye vidole vilivyoungua.

"Unataka?" aliniuliza.

Niliondoa misahafu na taa. Alikunja kanga, akafuta vumbi, akachomeka waya ukutani. Valvu zilichukua muda, kisha ukaja mvumo, na harufu ya vumbi linalopata moto. Santuri ilikuwa imefanya ukungu mweupe, akaipangusa kwa kiganja, akashusha ule mkono mwepesi. Mwanzo ilikuwa kama kitu kinachokaangwa. Halafu ngoma kwa mbali, na juu ya ngoma sauti ya mwanamke, nzito, tulivu, isiyo na haraka.

Nililia. Nililia bila kujizuia, kama ambavyo sikupata kulia siku ya maziko, kwa kuwa niliijua. Niliijua kabisa. Nilisikia ndani yake uani kwetu, na maji yakimiminwa, na jina langu. Nilijiambia kwamba kumbe haikupotea, ilikuwa imenyamaza tu mahali fulani ikiningoja. Ubeti wa kwanza ukaisha nikiwa nimefunika uso.

Baba akainua kidole.

"Bado," alisema kwa upole. "Huyo ni binti mmoja wa Chumbageni, alikuwa akiwafungulia wenzake wimbo. Mama yako anaingia sasa."

Nikafuta uso kwa pindo la kanga, nikakaa sawasawa, nikasikiliza. Iliingia sauti nyembamba, ngeni kwangu, ya msichana mdogo kuliko nilivyokuwa mimi siku ile. Baba aliniinamia, akitazama uso wangu, akitaka kujua kama nimemtambua.

"Ndiye," nilimwambia.